Saa Kumi ya Ferista

Wasikilizaji wapendwa, saa ya ukutani hapa studio inaonyesha saa kumi kamili jioni. Kwenu mnaotusikiliza ng'ambo ya mpaka, pale Nakonde, Zambia, ni saa tisa. Siku zote huwa tunataja saa ya upande wetu tu, tunaendelea. Leo nimetaja zote mbili, na sababu mtaielewa.

Leo tunamkumbuka Ferista Nzunda, fundi cherehani, mzaliwa wa Nanyala, wilaya ya Mbozi. Amefariki mwezi wa nne mwaka huu, akiwa na miaka ishirini na sita. Ameacha mume, Lusubilo, na mama mzazi, mama Anastazia. Ameacha pia wenzake watatu aliosoma nao chuo: Rozi, Judith na Clever. Hao watatu ndio walioniomba nisimulie, na ndio waliochagua tuanze saa kumi.

Kwao Ferista ni juu ya barabara kuu, nyuma ya mashamba ya kahawa. Ukikaa uani unasikia malori yakipanda, lakini huyaoni. Shule ilikuwa upande wa pili wa kilima. Alipofika darasa la tano alianza kuchoka njiani, miguu ikawa inavimba. Mama Anastazia anakumbuka hivi: "Alikuwa anakaa chini mara tatu kabla hajafika. Siku moja wenzake wakamrudisha kwenye baiskeli, wamemfunga na kanga asidondoke. Nikasema basi, shule isiniulie mtoto."

Hospitali walisema ni moyo. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi sawasawa. Akapewa dawa, akaambiwa asipande milima. Na kwao ni milima mitupu.

Kwa hiyo Ferista aliishia darasa la tano. Naomba mlishike hilo, wasikilizaji. Darasa la tano.

Nyumbani alijifunza kushona kwa mkono. Viraka, mito, sare za kwaya. Alikuwa msichana wa aibu. Mgeni akija, yeye yuko jikoni. Alipofikisha miaka ishirini, mama yake akasikia kuna chuo kidogo cha ufundi cha kanisa, si mbali na Vwawa, ambacho hakidai cheti cha darasa la saba. Mama akajaza fomu mwenyewe. Mwalimu wa ushonaji, Mwalimu Fides, aliisoma ile fomu, akajua. Wanafunzi wenzake, Ferista aliamini, hawakujua. Na aliomba wasijue kamwe.

Bwenini walilala kwenye vitanda vya deka. Ferista chini, Judith juu. Judith alikuwa mtoto wa mjini, wa Mpemba, jirani na Tunduma mpakani, mwenye maneno mengi. Kitanda cha jirani alilala Rozi, mwenye sauti kama ya mnada. Na darasani kulikuwa na mvulana mmoja tu, Clever, ambaye wasichana walimwita Sista Clever mpaka akazoea kuitika.

Rozi alikuwa na tabia moja. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye anasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka nukta.

"Rozi," Mwalimu Fides alimuuliza, "wewe unasoma kwa macho au kwa mdomo?"

"Kwa vyote, Mwalimu. Nikitumia kimoja hakiingii."

Darasa zima likacheka. Ferista naye akacheka, na huku akinakili haraka, maana kwa kusikia aliweza kufuata. Kwa macho peke yake alikuwa anasoma polepole sana, na namba zilikuwa zinamtisha. Ndiyo maana hakupenda futi, ule utepe wa kupimia. Alipima watu kwa kamba. Fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno. Kila mtu na kamba yake, kila kamba na mtu wake, na hakuna siku alikosea.

"Dada, hiyo kamba si ya mbuzi?" Clever alimtania.

"Ni ya mbuzi, ndiyo. Sogea nikupime shingo."

Maana kwa hao watatu aibu ilikuwa inamtoka.

Walihitimu mwezi wa kumi na moja mwaka elfu mbili na ishirini na moja. Picha yao ninayo hapa mezani. Wamesimama wanne, wamevaa magauni waliyoshona wenyewe, na Clever suti. Mkono mmoja wa suti umezidi mwingine. Alijipima mwenyewe.

Baada ya hapo kila mtu akashika njia. Clever akapata kazi Tunduma, kushona viti vya malori. Judith akaanza kuuza vitenge Nakonde, anavuka asubuhi na kurudi jioni, na huko ng'ambo akampata Enoka, kijana wa kampuni ya kupitisha mizigo mpakani. Ferista na Rozi wakapanga kibaraza cha duka pale Mpemba, na cherehani moja. Rozi anapokea wateja, anaandika majina, anasoma ujumbe wa simu. Kwa sauti, kama kawaida yake. Ferista anashona. Mambo yakaenda vizuri.

Kisha Rozi akaolewa. Mume wake, Ezron, analima mpunga Kamsamba, kule bondeni kwenye joto. Ferista ndiye aliyemshonea gauni. Walipoagana Rozi alilia mpaka Ezron akauliza kama harusi imeahirishwa. Lori la mizigo likaondoka, na Ferista akabaki kibarazani peke yake.

Ni hapo, wasikilizaji wapendwa, Ferista akiwa peke yake, ndipo ilipofika kadi ya harusi ya Judith.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka uliofuata. Kadi nzuri, ina utepe. Upande wa bwana harusi ndio uliochapisha, na ndani yote ilikuwa Kiingereza. Ferista aliifungua, akatafuta kitu anachokijua. Jina la Judith akaliona. Jina la Enoka akaliona. Halafu akaona kumi, nukta mbili, sifuri, sifuri. Saa kumi. Harusi ya jioni, akasema moyoni. Watu wa ng'ambo wana mambo yao.

Wengi wenu wa Tunduma mmeshaliona kosa. Kumi ya kadi ilikuwa kumi ya Kizungu, yaani saa nne asubuhi. Na ilikuwa saa nne ya Zambia, ambayo kwetu huku ni saa tano. Ibada ilikuwa saa tano asubuhi kwa saa yetu. Ferista alijua ni saa kumi jioni. Angeweza kumuuliza mwenye duka. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hawezi kuisoma, na pale Mpemba hakuna mtu aliyewahi kumsikia akikiri.

Jumatano ya wiki ya harusi Judith alikuja kulijaribu gauni lake, ambalo Ferista ndiye aliyelishona. Kiuno kilikuwa kinacheza, amepungua kwa mihangaiko.

"Liache," Ferista akamwambia. "Nalipunguza, nalileta mwenyewe Jumamosi, nakuvalisha kwa mkono wangu."

"Uje mapema lakini, mwenzangu."

"Mapema mno."

"Kadi unayo?"

"Ninayo."

Jumamosi ikafika. Saa tano na nusu asubuhi, saa ya huku, Ferista alikuwa anapuliza mkaa kwenye pasi. Simu ikaita. Clever.

"We Ferista, uko wapi?"

"Nipo. Napiga pasi."

"Pasi? Watu wamejaa kanisani!"

"Wamewahi hivyo? Si ibada ni saa kumi?"

"Saa kumi ya wapi?"

"Ya kwenye kadi, Sista Clever."

Clever aliniambia kwamba hapo ndipo alipoelewa. Alikuwa na kicheko mdomoni, akakimeza. Akasema tu, "Kaa hapohapo. Usitoke. Nakuja."

Alimkuta amekaa chini, amekumbatia gauni, uso umemshuka. Ameshaelewa. Akampandisha kwenye pikipiki. Kutoka Mpemba malori yalikuwa yamejipanga mpaka huwezi kuona mwisho wake, wakapita pembeni kwenye vumbi, gauni limefungwa ndani ya shuka jeupe. Mpakani wakaacha pikipiki, wakavuka kwa miguu. Clever ni mrefu. Alilibeba gauni juu ya kichwa kwa mikono miwili, Ferista nyuma yake, na ule moyo wake, anasimama kuvuta pumzi, anaenda tena. Wabadili fedha wakashangilia, "Mwaiseni, bamayo! Bibi harusi yuko wapi?" Karibuni, mama, wanasema.

Bibi harusi alikuwa kwenye chumba cha nyumba ya mchungaji, amesukwa, amepakwa, amevaa kitenge. Mashangazi wa Enoka walikuwa wamekwisha kupata suluhisho. Kuna gauni la kukodi karibu na soko, dakika kumi tu limefika.

"Silivai," Judith akasema. "Nguo yangu inakuja na Ferista."

Wakamwita baba mkwe wake, Mzee Luka, mstaafu wa reli, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuchelewa popote. Alikuja ameishika saa yake ya mkononi kama anataka kuinyonga.

"Mwanangu, huyo Ferista ni nani? Ndugu yako?"

"Hapana, baba. Alilala kitanda cha chini, mimi cha juu."

"Basi?"

"Basi. Nikivaa nguo ya kuazima leo, baba, Ferista hataniangalia usoni tena. Namjua. Mniombee kwaya iimbe."

Mzee Luka aliiangalia saa yake, akamwangalia Judith. Akaenda kuwaambia kwaya waimbe. Kwaya iliimba mpaka nyimbo zikaisha, ikarudia ya kwanza.

Ferista alipoingia, mashangazi waligeuka wote kwa pamoja. Rozi alikuwepo, ametoka Kamsamba tangu juzi yake, na kwa ile sauti yake akawahi kusema: "Foleni ya malori, mama zangu! Toka Mpemba hakupitiki!"

Hakuna mtu wa Tunduma wala Nakonde anayebishana na foleni ya malori. Wakakubali. Ferista akamvalisha Judith kwa mkono wake, gauni likakaa kama ngozi, na ndoa ikafungwa saa saba na nusu ya upande wetu. Lakini kwenye chakula shangazi mmoja akatania, "Fundi huyu mimi nitamwalika juzi, ili afike leo." Watu wakacheka. Ferista hakugusa sahani yake. Uongo ulikuwa umemwokoa, na uongo haukuwa wake.

Jumatatu akafunga kibaraza. Cherehani ikapandishwa juu ya basi, akarudi Nanyala kwa mama yake. Simu akazima. Ukapita mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Rozi akipiga, hampati. Clever akipiga, hampati. Alimwambia mama yake kwamba amewaaibisha wenzake mbele ya wakwe, na kwamba sasa wameshajua. Wameshajua kuwa hawajawahi kusoma na mwenzao, wamesoma na mjinga.

Aliyekuwa anamwona siku hizo ni Lusubilo tu. Lusubilo ni fundi wa mashine za kumenya kahawa. Alimletea suruali ishonwe goti. Baada ya siku nne akairudisha imechanika palepale. Mara ya tatu Ferista akamuuliza, bila kuinua macho, "Kaka, suruali hii unaichana makusudi?"

"Mara ya kwanza ilichanika yenyewe," Lusubilo akajibu.

Mwezi wa kumi na moja, mchana mmoja, mbwa wakabweka. Mtu anapanda njia ya kahawa, anahema, mkono kiunoni. Judith, na tumbo la miezi mitatu. Mkononi ana kadi ile yenye utepe.

Ferista alitaka kukimbilia jikoni. Mama Anastazia akasimama mlangoni, makusudi.

"Nimekuja kuomba msamaha," Judith akasema. "Saa tuliiandika ya kwao. Nilikuwa nashinda ng'ambo kila siku, nikasahau saa ya kwetu."

Judith alikuwa amemfungulia mlango, wasikilizaji. Angeweza kupita hapo. Kosa la kadi, yamekwisha, karibu chai. Lusubilo anasema Ferista alimsimulia dakika hiyo mara nyingi. Alisema alisikia moyo wake ukipiga vibaya, akafikiri, huu moyo hauna miaka mingi, nitaishi nayo yote nikiwa nimejificha?

"Kosa si la kadi," akasema. "Mimi sijui kusoma vizuri, Judith. Niliishia darasa la tano."

Judith akakaa juu ya gunia la kahawa. "Najua."

"Unajua tangu harusini."

"Tangu muhula wa kwanza. Tulijua wote."

"Wote?"

"Sasa we Ferista, unafikiri kwa nini Rozi alikuwa anasoma ubao kama mlevi? Hakuanza hivyo. Alianza wiki ya tatu, alipokuona unatazama ubao na kalamu haiendi. Tulikubaliana hapo deka, wewe umelala. Mimi nilisema nitasoma mimi, Rozi akasema sauti yangu mimi haifiki nyuma, atasoma yeye."

Mama Anastazia anasema alidhani mwanawe atalia. Hakulia. Alianza kucheka. "Miaka miwili!" akasema. "Miaka miwili Mwalimu Fides anamgombeza yule mtoto wa watu, na hasemi!" Alicheka mpaka akalazimika kukaa, na wakakaa wote wawili juu ya gunia moja.

Siku hiyo aliwasha simu.

Mwaka uliofuata akajiunga na darasa la watu wazima kwenye shule ileile aliyoiacha. Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Kilima kilikuwa kilekile, ila sasa Lusubilo alikuwa na pikipiki. Alimpeleka na kumrudisha mwaka mzima. Alijifunza kusoma gazeti, kuandika barua, na futi akaizoea, ingawa kamba hakuziacha. Wateja wakimwambia watapitia saa kumi, anawauliza, "Ipi? Ya kawaida au ya Ferista?" Na kisa anakisimulia mwenyewe, bila kuficha neno.

Walifunga ndoa mwezi wa sita mwaka jana. Kadi aliziandika zote kwa mkono wake. Hii hapa ya Judith, naisoma ilivyo: "Ibada ni saa nne asubuhi ya kwetu. Kwenu saa yenu inasema tatu, Kizungu tisa. Saa kumi ni ya kula mabaki. Usichelewe."

Waliishi pamoja miezi kumi. Jumatano moja ya mwezi wa nne alikaa kwenye cherehani, akasema amechoka kidogo, akaegemea ukuta. Hakuinuka.

Mazishi yalipangwa Jumamosi, saa tisa mchana, Nanyala. Rozi akaja kutoka Kamsamba. Clever akaja kutoka Tunduma. Judith siku hizi anaishi Kapiri Mposhi, mume wake amehamishiwa huko. Alipanda basi, basi likaharibika Isoka. Saa tisa ikafika, Judith hayupo. Saa tisa na nusu, hayupo. Wingu jeusi likakaa juu ya kilima. Mzee wa kanisa, Jonasi, akamsogelea Lusubilo.

"Kijana, ile ni mvua. Na marehemu hasubiri mtu."

"Huyu anasubiri, mzee," Lusubilo akasema. "Naye alisubiriwa."

Wakasubiri. Saa kumi na dakika tatu gari dogo likapanda njia ya kahawa. Judith akashuka, ana mtoto mgongoni. Nyuma yake akashuka mzee wa suti, ametoka Nakonde kumsindikiza mkwe wake. Mzee Luka. Watu walikuwa wanamtazama kwa hasira ya kusubiri. Yeye akakunja mkono wa koti, akaitazama saa yake, ambayo hakuwa ameibadilisha mpakani.

"Kwangu ni saa tisa tu," akasema. "Hatujamchelewesha."

Mama Anastazia alicheka pale kaburini, machozi yanamtoka. Lusubilo akacheka.

Kisha ukasomwa wasifu. Sehemu ya mwanzo Ferista alikuwa ameshaiandika mwenyewe, kwenye daftari lake la darasa la watu wazima, siku walipoambiwa waandike habari zao. Rozi ndiye aliyeisoma. Aliisoma kwa sauti ile ya ubaoni, neno kwa neno, mpaka nukta: "Jina langu ni Ferista Nzunda. Nilisoma mpaka darasa la tano. Nikapumzika. Kisha nikaendelea."

Wasikilizaji wapendwa, sisi sote hapa studio tunampa pole Lusubilo. Pole, mama Anastazia. Pole, Mwalimu Fides. Rozi, Judith na Clever, poleni sana, maana ninyi nanyi ni wafiwa. Mwenyezi Mungu ampumzishe Ferista mahali pasipo na kilima.

Nanyi mnaonisikiliza, nyumbani au dukani, nawaomba jambo dogo. Pengine kuna mtu karibu yako ambaye akipewa kadi anaishika muda mrefu, anaigeuza, kisha anaiweka mfukoni na kusema ataisoma baadaye. Usimwulize kitu. Chukua ya kwako, uisome kwa sauti kubwa, na akikuuliza kwa nini unapiga kelele, mwambie ukitumia macho peke yake haiingii.